Krismasi Niliyolala Jeddah

Mwaka ule kila mtu alinitakia mapumziko. Kulikuwa na dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa ndani kama mimi, aliyekaa Al-Suwaidi, mtaa mwingine wa Riyadh, na ndiye aliyeongoza kikundi chetu cha kuombeana kwenye simu. Nyumbani aliwahi kusomea ushauri nasaha na hakutaka masomo yake yaende bure. Desemba ilipokaribia alianza kututumia sauti ndefu kuhusu namna ya kuvuka msimu wa sikukuu ukiwa mbali na watu wako. Tukubali hisia zetu, alisema, maana furaha na huzuni zinaweza kukaa kwenye kiti kimoja. Tuweke mipaka. Siku yenyewe tuweke simu kando, tusiruhusu salamu za watu zituchokoze, tulale. Nilimsikiliza nikisugua choo cha wageni. Mipaka yangu ilikuwa mlango wa jikoni huku na geti la chuma kule, na si mimi niliyeiweka.

Sikumchukia. Nilikuwa na hasira tu, na yeye alikuwa karibu.

Hasira yangu ilikuwa na sababu moja. Mwanangu wa pekee alikuwa anatahiriwa Desemba hiyo, nami nilikuwa nimeahidiwa kwenda nyumbani, halafu ahadi ikavunjika.

Lazima nieleze kwetu tunafanyaje, la sivyo mtu ataona nililia bure. Upande wetu wa mlimani mvulana hutahiriwa mwisho wa mwaka, shule zikifungwa. Anatoka nyumbani kwa mama yake na kukaa na wenzake kwenye chumba kilichojengwa kando, chini ya mlezi ambaye ni mwanamume wa ukoo, na mpaka atoke mle hakuna mwanamke wa kumwona wala wa kuzungumza naye. Mama anapika, mlezi anabeba. Halafu inafika siku ya kutoka, na hiyo ndiyo siku ya mama. Kijana anakuja na nguo mpya, anasimama mlangoni, na haingii mpaka mama yake amwite kwa jina jipya na kupiga vigelegele. Jina la utotoni linabaki nje. Akishaingia, anakula chakula alichopikiwa, wanaume wanamkaribisha kwenye kiti, na kuanzia jioni hiyo halali tena chini ya paa la mama, haingii jikoni kufunua masufuria, hapigwi, habembelezwi. Mama anampokea na kumpoteza kwa pamoja. Nimewaona wanawake wa kwetu wakicheka na kulia pale mlangoni, na sijawahi kusikia mtu akiwaambia wachague kimoja.

Baba yake alienda zake zamani, kabla mtoto hajaota meno. Kwa hiyo mlango ulikuwa wangu peke yangu. Nilimwacha akiwa na miaka kumi, bado akilala na mguu wake juu yangu, na nilijua nisipomwita mimi nitakuwa nimekosa kumaliza kazi niliyoianza siku niliyomzaa.

Madam alielewa. Nilimweleza jikoni kwake, mtaa wa Al-Naseem, tukipanga sahani, kwa Kiarabu changu cha vyombo na sabuni, na kwa kuwa ana watoto watatu wa kiume hakuhitaji maneno mengi. Alinishika bega akasema mama lazima awepo. Alizungumza na mumewe, yule tunayemwita baba, naye akasema hakuna shida, karatasi za kutoka na kurudi zitaandaliwa. Jioni ile nilifua nguo zangu za safari. Nilikuwa nimeshaambiwa mambo mengi katika nyumba ile na sikuwa mtu wa kuamini upesi, lakini mikono yangu haikunisubiri.

Kisha, mwezi wa Novemba, mama yake madam akaanguka bafuni, kwake Jeddah, akavunjika nyonga. Mfanyakazi wake alikuwa amemaliza mkataba na kurudi kwao majuma machache nyuma. Madam alipokea simu akiwa amesimama sebuleni, akalia, akakaa, akalia tena, halafu akainua uso akanitazama. Kabla hajafungua mdomo nilijua.

"Baada ya baridi," alisema. "Baridi ikiisha, halas, unasafiri. Inshallah."

Baridi ya Riyadh si maneno matupu. Watu wanawasha hita, wanatoa makoti ya manyoya ya kondoo, wanaume wanakwenda jangwani kukaa kwenye mahema na kuchoma nyama. Lakini inaisha Februari, na mwanangu alikuwa anatoka Desemba. Nilimwambia madam hivyo. Akasema anajua, akanikumbatia, na tukabaki hivyo, yeye akililia mama yake na mimi nikimlilia mwanangu, na mmoja wetu tu ndiye aliyekuwa anakwenda kumwona mtu wake.

Katika nyumba hizi mfanyakazi huazimwa kama sufuria kubwa ya sherehe. Inatoka kwa huyu inakwenda kwa yule, na ikirudi hakuna anayeuliza ilipika nini huko. Nilikuwa nimeshaazimwa kwa dada yake baba wakati wa uzazi, na kwa majirani wakati wa Ramadhani. Safari hii niliazimwa kwa mwanamke mgonjwa, na mgonjwa huwezi kumkasirikia bila kujiona mbaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningekuwa na madam mkorofi ningepata angalau mtu wa kumlaani.

Niliwapigia watu wa nyumbani. Mama yangu, ambaye mwanangu humwita Shosho, akasema basi atampokea yeye. Kaka yangu alikataa, maana bibi hampokei mjukuu wakati mama yu hai. Wanaume wakakaa chini. Mazungumzo yalichukua jioni mbili, na nilihesabiwa humo kama mgonjwa anayezungumziwa akiwa kitandani. Mwishowe kaka yangu alinipigia kwa furaha. Wameamua nitampokea kwa simu ya video. Yeye atasimama ndani ya mlango ameshika simu juu, kijana atasimama nje, nami nitamwita kutoka kwenye kioo. Mama yangu alisema kitu kama hicho hajawahi kukiona tangu azaliwe. Kaka yangu akamwambia hajawahi pia kuona mama akiwa Saudia wakati mwanawe anatoka. Siku ikawekwa: Jumamosi baada ya Krismasi.

Niliikubali simu kwa mikono miwili, ingawa moyoni niliionea haya. Nilichagua jina la marehemu baba yangu. Nikaanza kufanya mazoezi ya vigelegele kwenye chumba cha kufulia, mashine ikizunguka, kwa kuwa ulimi uliokaa miaka bila sherehe unakuwa mzito. Siku moja mtoto wa madam alisukuma mlango akaniuliza nani anaolewa. Nilimwambia hakuna, mafi arusi. Akasimama akisubiri nipige tena, nikapiga, akaenda zake akiruka.

Tulienda Jeddah kwa gari, familia nzima, siku shule ya watoto ilipofungwa, mgonjwa akiwa ndiyo kwanza ametoka hospitalini. Shule yao ni ya kimataifa na inafunga kwa ajili ya sikukuu ambayo hakuna anayeitaja kwa jina ndani ya gari. Njia ni ndefu, imenyooka, na nilikaa nyuma kabisa katikati ya mablanketi na friji ndogo ya vinywaji. Tulipoteremka kuelekea pwani madam aliwaambia watoto wavue makoti. Jeddah haikuwa na baridi hata kidogo. Hewa ilikuwa ya uvuguvugu na nzito, watu wamekaa nje kwa fulana. Nilikumbuka nilivyoambiwa ningoje baridi iishe, na hapa haikuwepo.

Watoto walimwita bibi yao Sitti, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye uso mzuri na ulimi mkali, aliyezoea kuendesha nyumba kwa miguu yake na sasa anaiendesha kwa kengele. Aliugua hasa. Kumgeuza kitandani kulihitaji ujanja wa mgongo na wa maneno. Kwanza ninamwambia ninachotaka kufanya, halafu ninangoja anitukane kidogo, halafu anashika shingo yangu na tunageuka pamoja. Tukikosea, alipiga ukelele ambao mtaa mzima ungedhani namchinja. Alikataa mtu mwingine yeyote amguse, hata binti yake. Madam aliliona hilo kama sifa kwangu. Kila aliponisifu nilihisi nikizidi kufungwa.

Usiku aliamka kila mara na mimi niliamka naye. Nililala kwenye godoro sakafuni, kando ya kitanda chake. Mchana palikuwa na nyumba iliyojaa wageni wa kumjulia hali, kahawa, tende, vyombo, wajukuu, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba uchovu ukizidi mtu hulewa. Niliweka simu kwenye friji. Nilimwaga chumvi kwenye chai ya shemeji yake madam. Nilikuwa ninasimama katikati ya chumba nikijiuliza nilifuata nini, na jibu likawa halirudi.

Jambo moja lilinishikilia. Kila jioni mama yangu alinipigia kunieleza sahani zilivyorudi. Yeye ndiye aliyempikia mwanangu, mlezi akabeba, na kwa sahani zile ndipo wanawake wanapojua kijana anaendeleaje, kwa kuwa hawawezi kuuliza. Leo imerudi na mifupa tu. Leo amebakiza uji, labda ana homa. Leo imelambwa mpaka inang'aa, Bwana asifiwe. Nilikuwa naenda kwenye kibaraza cha nyuma, karibu na mapipa, nasikiliza habari za sahani kama mtu anayesikiliza matokeo ya uchaguzi. Siku ya uji uliobaki sikuweza kumeza chakula. Siku ya sahani iliyong'aa nilicheka peke yangu kwa sauti, na dakika ileile nikaona uchungu kiasi cha kushika ukuta. Yule dada wa Al-Suwaidi angesema hisia zangu zilikuwa kwenye kiti kimoja. Zilikuwa zinapigana kwenye hicho kiti.

Asubuhi moja simu yangu ililia mfukoni Sitti akiwa ndiyo kwanza amepata usingizi. Aliamka akiwa na maumivu na hasira. Madam akaniomba, kwa upole, niwe naizima sauti nikiwa chumbani kwa mama yake. Niliizima. Haikunipa wasiwasi, maana mwanangu hakuruhusiwa kuzungumza nami mpaka Jumamosi, na mama yangu anapiga jioni tu. Nani mwingine angenipigia mchana?

Krismasi iliangukia katikati ya juma. Dereva wa nyumba ile alikuwa Mkenya pia, kijana mpole wa upande wa Magharibi, na asubuhi alipoleta mikate alinikuta kibarazani. Aliniambia kuna chumba mtaa wa Kandara, hapo hapo Jeddah, karibu na kituo cha zamani cha mabasi, ambapo Wakenya wanakutana kula.

"Siz, kuna chapo, kuna mbuzi, kuna watu wa kwenu," alisema. "Ukipewa hata saa mbili, niambie tu, nitakupeleka."

Nilimwambia nitaona. Nilitaka kwenda. Nilitaka pia nisione Mkenya hata mmoja, nisisikie mtu akisema nyumbani sahii wanachinja. Niliporudi ndani nilitazama simu. Ilikuwa imefura. Kila mtu niliyewahi kumjua alikuwa ananitumia kengele, mishumaa, picha za mtoto Yesu zenye maua yanayometameta, sauti za kwaya, video za watu wakicheza. Kikundi cha maombi peke yake kilikuwa na meseji zisizoisha. Nilifungua moja, mtoto wa mtu anaimba, nikaifunga kama mtu aliyeungua kidole. Basi nikafanya lile nililolidharau. Nikaiweka simu kifudifudi juu ya kabati, nikajiambia sifungui salamu ya mtu leo, nitazifungua kesho nikiwa nimekuwa mtu tena.

Baada ya chakula cha mchana madam aliingia jikoni akafunga bomba la maji nililokuwa naoshea vyombo. Alisema anajua leo ni sikukuu yetu. Alisema hii ni Jeddah, si lazima kila mtu ajue, lakini yeye anajua. Daktari alikuwa amempa Sitti dawa mpya na angelala mchana wote. Baba atawapeleka watoto baharini, na yeye mwenyewe atakaa na mama yake mpaka alasiri, kisha mimi nikae karibu tu endapo ataamka. Nikitaka dereva anipeleke kwa watu wangu, sawa. Nikitaka kulala, kuna kitanda kwenye chumba cha wageni, na mashuka ni safi.

"Leo pumzika," aliniambia. "Nimeona umechoka. Wallahi nimeona."

Ningeweza kumbusu mikono. Ningeweza pia kumwuliza kwa nini hakuniona Novemba. Nilisema shukran na nikapanda ngazi. Kandara niliiacha iende zake na mbuzi wake. Nilivua viatu, nikalala juu ya mashuka yale bila hata kujifunika, na simu nikaiacha pale juu ya kabati la jikoni, kifudifudi. Nakumbuka kiyoyozi kikivuma taratibu na baridi ya mto shavuni. Nakumbuka nikifikiri kwamba huu ndio usingizi, nilikuwa nimeusahau. Sijawahi kulala vile tangu nifike nchi ile. Sikuota chochote.

Niliamshwa na adhana ya magharibi. Chumba kilikuwa na kiza chepesi, mate yalikuwa yamenitoka mdomoni, na kwa muda nilikuwa mzima, sina mtoto, sina madam, sina deni kwa mtu. Nilijinyoosha mpaka vidole vya miguu vikalia. Niliteremka nikiwa nahisi huruma kwa kila mtu. Sitti bado alikuwa amelala. Madam alikuwa ameketi kando yake na tasbihi. Alinitazama akatabasamu, akasema hakutaka kuniamsha, nilikuwa nakoroma. Nikaenda jikoni kuweka maji ya chai na nikaichukua simu.

Kaka yangu alikuwa amenipigia mara nyingi sana. Mama yangu pia. Juu ya hizo, kati ya kengele na mishumaa, palikuwa na sauti ya mama yangu iliyotumwa asubuhi na mapema, nayo nilikuwa nimeipita nikizikimbia zile picha zenye maua. Niliisikiliza nikiwa nimesimama, maji yakichemka. Mlezi ni askari jela, alisema mama, na ameitwa kazini kesho. Hawawezi kuwaacha wavulana bila mlezi, kwa hiyo wanawatoa leo, leo hii hii Krismasi, baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo nijiandae, nisiende mbali na simu, na nisisahau kufunga kitambaa kichwani ili nionekane mama.

Nilizima jiko. Nilitoka kibarazani na kumpigia mama yangu, na kabla sijasema neno alianza kunieleza, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kuosha kidonda.

Walikuja wanne. Kila mmoja alisimama kwenye mlango wa kwao, na vigelegele vilianza kusikika kutoka boma la kwanza, la pili, la tatu. Mwanangu alisimama kwenye mlango wetu. Kaka yangu ndani, ameinua simu, inaita. Inaita mpaka inakatika, anapiga tena. Watu walikuwa wamejaa uani. Mwanzoni waliutania mtandao. Kisha wakaacha utani. Mwanangu hakugeuza kichwa, mama alisema, alisimama kama alivyofundishwa, mikono imeshuka, jua limempiga usoni, na jasho lilikuwa linatoka kwenye kola ya shati jipya. Mama alitaka kumwita, wanaume wakamzuia. Mlezi akasema kijana hawezi kusimama mlangoni mpaka aanguke, na hawezi kurudi alikotoka. Ndipo wifi yangu, mke wa kaka yangu, alipofungua kitambaa chake, akakifunga upya, akaenda mlangoni akamwita.

"Alimwita vizuri," mama yangu alisema. "Nisikufiche. Alimwita vizuri sana."

Kwetu anayekuita mlangoni ndiye anayekaa upande wa mama siku unapooa. Ndiye unayempelekea cha kwanza unachokipata. Mama yangu hakulisema hilo kwa kuwa tunalijua wote wawili. Wifi yangu ni mtu mwema, amemlisha mwanangu mara nyingi kuliko mimi, na nilimwonea wivu mkali mpaka nikaona aibu hata mbele ya mapipa ya taka. Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumrarua kile kitambaa.

Watu wameniambia tangu hapo nisijilaumu, na wengine wamenitazama kama ninayepaswa. Sijilaumu. Mwili wangu ulichukua ulichodai, na ningepewa mchana ule tena, nikiwa na uchovu ule ule, ningelala tena. Hilo ndilo linalonitisha. Kwamba palikuwa na usingizi mtamu, mtamu kweli, na mwanangu alikuwa amesimama juani wakati uleule, na siwezi kuukumbuka mmoja bila mwingine.

Niliomba nizungumze naye. Mama alisema ameketi na wanaume, ataona. Nilisikia viatu, viti, muziki wa kanisa kutoka kwa jirani, kisha kikohozi.

"Mama. Habari yako."

Sauti ilikuwa ile ile na haikuwa ile. Aliishusha chini kidogo kuliko ilivyotaka kukaa, na ilitaka kupanda akaizuia. Zamani angepiga kelele kwenye simu mpaka niiweke mbali na sikio. Nilitaka kumwita, na hapo nikakwama. Jina lake la mtoto halikuruhusiwa tena. Jipya nililichagua mimi, nililifanyia mazoezi na mashine ya kufulia, lakini lilikuwa limeshaitwa, na kulitumia sasa kungekuwa kama kula kilichobaki kwenye sahani ya mwenzangu.

"Ni wewe?" nilisema.

"Ni mimi."

"Nilikuwa nimelala."

"Shosho alisema huenda umechoka. Ni sawa."

"Ulisimama sana?"

"Si sana. Jua tu." Akakohoa tena. "Auntie ameniita. Niliingia poa. Usilie, mama, watu wako hapa."

Hakuwa amenisikia nikilia, kwa kuwa nilikuwa nimeziba mdomo. Alijua tu, au alifundishwa kwamba mama hulia na kijana humwambia asilie. Nilimwuliza kama anakula. Akasema anakula. Nilimwuliza kama kidonda kimepona na akacheka kidogo kwa aibu, maana hilo si swali la mama tena, na nikalijutia. Kisha alishusha sauti, nikajua amesogea kando ili wanaume wasimsikie, na kwa sekunde chache nilidhani anarudi kwangu, mtoto wangu, na siri ya kuniambia.

"Mama, usikosane na hao watu juu ya kurudi," alisema. "Uncle anasema ulikuwa unasumbuka sana. Kama wanataka uongeze mkataba, ongeza tu. Kile ulikuwa unakujia kimeisha."

Alisema kwa wema. Nimeyarudia maneno hayo neno kwa neno, nikitafuta mahali palipo na kisasi au hasira ya mtoto aliyeachwa mlangoni, nami ningefurahi kuikuta, ningeishika kama kamba. Sijaipata. Alikuwa mwanamume wa siku moja, na jambo la kwanza alilofanya kwa uanaume wake lilikuwa kumwondolea mama yake mzigo. Nikamwambia sawa. Nikamwambia amekuwa mkubwa. Mtu akamwita kwa lile jina, jina la baba yangu, akaitika papo hapo bila kusita, akaniaga, akakata.

Watoto walirudi kutoka baharini na mchanga kwenye nywele, wakikimbia ndani ya nyumba wakaambiwa wanyamaze, Sitti amelala. Baba alinisalimia kwa furaha. Madam alikuja jikoni nilipokuwa ninachemsha maji upya, akasimama karibu nami na kuniuliza kama nimepumzika. Nilisema nimepumzika. Uso wake uling'aa, alikuwa ametoa zawadi na ikapokelewa. Akasema amezungumza na baba mchana ule nikiwa nimelala. Dada yake madam amepata mfanyakazi mwingine wa kumhudumia mama yao, na hakuna haja ya kungoja mpaka Februari. Nikitaka naweza kusafiri wiki ya kwanza ya Januari, au hata mapema zaidi, ndege zipo, nichague siku ya kufika kwa mwanangu.

Nilimimina chai. Nikamwambia hakuna haraka, madam.